Barabara tumeiuza kidogo kidogo



Tarehe 27 Oktoba 2024 Kinshasa ilianza kujaribu kitu kipya. Kwenye barabara kadhaa kubwa, magari yote yalikuwa yanaenda upande mmoja kwa saa fulani, kisha saa zikibadilika yote yalikuwa yanaenda upande wa pili. Lengo lilikuwa kupunguza ambuteyaji. Wengi wetu tuliona picha: watu wanatembea kwa miguu kilomita na kilomita kwa sababu hakuna gari linaloenda upande wao. Haikupita muda mrefu ikabidi mpango urekebishwe.

Kitu kilichonishangaza hakikutoka Kinshasa. Kilitoka ndani ya kikundi cha WhatsApp cha promosheni yetu. Rafiki mmoja, mtu mwenye akili na mwenye lisansi kama mimi, aliandika: "Na siye huku Bukavu bafanye vile vile, tutapumua." Watu wakamwekea vidole gumba. Mimi niliandika neno moja tu, "hapana", wakanikalia juu. "Eleza basi, mwanasayansi!" Njo maana ninaandika leo. Niko na mengi ya kusema, na mwisho wake nitasema pia jambo linalonihusu mimi mwenyewe na jamaa yangu, ili msifikiri ninahukumu wengine kutoka juu ya kilima.

Tuanze na dawa yenyewe. Njia ya upande mmoja, sansi iniki, si dawa mbaya. Inafanya kazi mahali kuko barabara mbili zinazoenda sambamba: unaenda kwa hii, unarudi kwa ile. Katikati ya mji wa Lubumbashi, ambako avenyu zimechorwa kama mistari ya daftari, mtu anaweza kufikiria hivyo. Lakini Bukavu haiko daftari. Bukavu iko mkono uliowekwa ndani ya ziwa Kivu, vidole vyake ni peninsula, na nyuma ya mkono kuko vilima. Chukua mtu anayekaa Panzi na anayefanya kazi katikati ya mji. Atapita Essence Major Vangu. Chukua mama anayetoka Kadutu kwenda Nyawera, mwanafunzi anayepanda Karhale kwenda UOB, mwingine anayeshuka Panzi kwenda UEA. Kila mmoja iko na barabara moja ya maana. Njia zingine ni za udongo, za ngazi, za miguu. Sasa ukisema barabara ile moja iende upande mmoja asubuhi, yule anayetaka upande wa pili unamwambia nini? Aogelee?

Mji huu haukuchorwa kwa ajili yetu. Wakati uliitwa Costermansville, Wazungu walikaa kando ya ziwa, Waafrika wakawekwa Kadutu, na baadaye Bagira. Barabara zilikuwa na kazi moja: kumleta mfanyakazi asubuhi na kumrudisha jioni. Jina lilirudi kuwa Bukavu katika miaka ya 1950, uhuru ukaja 1960, lakini mchoro ulibaki ule ule. Benki ziko Ibanda, ofisi ziko Ibanda, mpaka wa Ruzizi uko Ibanda. Halafu vita tangu 1996 vikasukuma watu kutoka Kabare, Walungu, Kalehe, Shabunda, wakaja kutafuta usalama mjini. Vilima vikajaa nyumba. Komine zilibaki tatu, barabara kubwa zikabaki zile zile, na asubuhi sote tunateremkia mahali pamoja.

Mpaka hapa mtu atasema: basi kosa ni la Wabelgiji na la vita, tulale. Hapana. Mimi ninasema hata ile barabara ndogo tuliyoachiwa, hatuitumii yote. Tumeiuza kidogo kidogo. Kila mtu amekata kipande chake, na kile kinachobaki njo tunakigombania.

Nitawapa mfano niliouona kwa macho yangu.

Miaka mitatu iliyopita, bibi ya yaya yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa, mimba ya miezi tisa, siku ya kazi, saa mbili ya asubuhi. Tulimweka ndani ya taksi, yeye na mama yangu nyuma, mimi mbele. Hospitali haikuwa mbali. Kwa miguu, mtu mzima na afya yake angefika kwa dakika arobaini. Tulifika Essence, gari likasimama. Dakika kumi. Dakika ishirini. Dereva alizima moto ili aokoe esansi. Mama aliacha kuzungumza, akaanza kuomba kimya kimya. Baada ya karibu saa nzima, shemeji alisema yeye mwenyewe: "Mama, nitapanda moto." Mama akasema, "Unasema nini, mtoto wangu?" Akarudia: "Nitapanda moto. Nitakufia humu."

Basi alipanda pikipiki. Motari mbele, yeye katikati, mama nyuma amemshika kama mtu anayeshika gunia la vyombo vya kuvunjika. Mimi nilikimbia nyuma yao kwa miguu. Motari yule, Mungu ambariki, alienda polepole, akipenya katikati ya magari, akipanda pembeni kwenye matope. Mtoto alizaliwa muda mfupi baada ya kufika. Iko mzima. Nyumbani wamempa jina la kanisani, lakini kwenye kartiye wanamwita Essence.

Tunacheka tukisimulia. Lakini mimi sikusahau nilichokiona nilipokuwa ninakimbia, kwa sababu mtu akikimbia kwa miguu anaona vizuri kwa nini magari hayatembei. Nitawaambia kwa utaratibu.

Cha kwanza: taksi. Taksi zetu hazina mahali pa kusimama. Abiria akisema "hapa", ni hapa, hata kama ni katikati ya njia panda. Nyuma yake magari yote yanasimama. Siku nyingine nilirudi pale makusudi, nikaanza kuhesabu kwa vidole taksi zinazosimama katikati ya barabara. Mikono miwili iliisha kabla ya dakika kumi. Ongeza jambo ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena. Magari mengi tunayotumia ni mitumba kutoka Japani, yanashukia bandari ya Dar es Salaam, na volani iko kuume. Lakini Kongo tunaendesha upande wa kuume. Maana yake dereva anakaa upande wa pembeni, na wale abiria wawili wa mbele, mlango wao unafungukia katikati ya barabara! Wakishuka, wanashukia ndani ya magari yanayokuja. Kwa hiyo gari la nyuma linasimama, la upande wa pili linapunguza mwendo, pikipiki inakwepa. Ule mlango mmoja tu unafunga njia mbili. Na dereva akitaka kupita lori lililo mbele yake, lazima atoe karibu gari lote katikati ndipo aone kinachokuja, au amuulize abiria: "Kuko kitu?"

Cha pili: majengo. Kuko nyumba za biashara ambazo ngazi yake ya kwanza iko juu ya mfereji na ya pili iko juu ya barabara. Kuko maduka yasiyo na hata mita moja ya kuegesha gari, kwa hiyo mteja anaegesha barabarani, na lori la kushusha saruji linaegesha barabarani saa nne ya asubuhi, wakati mji wote unapita. Mtu aliyejenga vile alipata karatasi. Karatasi ilisainiwa na mtu. Ujenzi holela tunauita "holela" kana kwamba ulianguka na mvua, lakini kila ukuta unaoingia barabarani uko na mhuri nyuma yake, au uko na mtu aliyepita akageuza uso.

Cha tatu: filimbi. Kwenye kila njia panda kuko mtu mwenye filimbi. Kazi yake ni kuamua nani apite na nani angoje, na kazi hiyo ni ngumu, ninamheshimu anayeifanya kwa jua na kwa mvua. Lakini mara ngapi umeona gari limesimamishwa pembeni, ila pembeni hakuna, kwa hiyo limesimamishwa palepale, na mazungumzo yanaanza? Dereva ameshika karatasi dirishani, anatafuta noti ndani ya shati, na nyuma yake magari hamsini yanangoja wale watu wawili waelewane. Wandugu, ile nayo ni kuuza barabara. Inauzwa kwa dakika.

Mnakumbuka roboti za Kinshasa? Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake waliweka kwenye njia panda roboti wakubwa wa aluminiamu, wanatumia nguvu ya jua, wanainua mikono na kuwasha taa. Dunia nzima ilikuja kupiga picha. Madereva waliwasifu, na sifa kubwa waliyotoa haikuwa ya teknolojia. Walisema: roboti haombi pesa. Sifa ile ni aibu kwetu, maana inasema kile tulichokosa hakikuwa mashine. Mimi sipingi roboti. Ninasema tu, kama roboti akiwekwa Essence leo, atainua mkono vizuri kabisa, na ile taksi itasimama mbele yake kushusha abiria, na lori la saruji litaendelea kushusha saruji.

Cha nne ni kile kinachoniuma, kwa hiyo nilikiacha mwisho: wauzaji.

Ukipita karibu na masoko yetu, nusu ya barabara ni nyanya, vitunguu, ndagala, viatu vya mitumba. Gari linapita polepole kama mgeni ndani ya nyumba ya watu. Watu wa mjini wanasema: "Bafukuzeni!" Na kweli kila baada ya muda kunafanyika operesheni. Watu wanakuja asubuhi, wanapiga mateke mabeseni, nyanya zinabiringika kwenye mfereji. Wiki ijayo wauzaji wamerudi.

Sasa sikilizeni. Mama yangu mdogo anauza nyanya pale. Ni miaka mingi. Masomo yangu, kuanzia darasa la mwisho la sekondari mpaka lisansi, sehemu kubwa yake ililipwa na nyanya zilizouzwa juu ya barabara. Siku ya kutetea memware yangu alikaa mstari wa mbele na kitambaa kipya. Kwa hiyo ninapolalamika juu ya ambuteyaji, ninalalamika juu ya kitu kilichonisomesha. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliokula bei ya barabara.

Nilimwuliza siku moja: "Mama, mbona usiingie ndani ya soko?" Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Ndani mahali kuko ngapi? Na mnunuzi anaingia ndani kufanya nini, kama nyanya ziko njiani?" Kisha akanionyesha kipande cha karatasi, tiketi ya siku ile. Kila siku analipa. Nilikishika kile kikaratasi nikakielewa kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Asubuhi anafukuzwa kwa sababu anakaa barabarani. Mchana anatozwa kwa sababu anakaa barabarani. Mkono mmoja unamwondoa, mkono wa pili unampangisha. Kama anakosea, mbona mnakula makosa yake? Kama ana haki, mbona mnampiga mateke?

Hapo njo ninapokosana na wenzangu wa WhatsApp. Wao wanatafuta sheria mpya ya kumwekea dereva. Mimi ninasema kabla ya kumwekea dereva sheria mpya, mrudishieni barabara iliyouzwa. Ukiweka sansi iniki juu ya barabara ambayo nusu yake imeuzwa, umegawa nusu iliyobaki mara mbili, basi.

Nitajibu mambo matatu ninayosikia kila siku.

"Kosa ni la wamotari." Ni kweli wamotari wanaendesha vibaya, wengi hawajasoma hata alama moja ya barabara, na wanavunja watu miguu. Lakini jiulize kwa nini wameongezeka. Mtu akiona taksi haitembei na basi hakuna, atapanda kitu kinachopenya. Pikipiki ni dalili ya homa. Mimi niliona motari akiokoa shemeji yangu katikati ya magari yaliyokufa. Siwezi kusimama hapa nikasema yeye njo ugonjwa.

"Wapanue barabara, yote yataisha." Mwaka 1962 mchumi Mmarekani Anthony Downs aliandika juu ya barabara kubwa za miji ya kwao: ukiongeza nafasi, saa za msongamano nafasi ile inajaa tena, kwa sababu wale waliokuwa wanapita njia nyingine, au saa nyingine, au kwa basi, wote wanarudi na magari yao pale pale. Siku hizi wanafunzi wa usafiri wanaisoma kama kanuni. Kwetu kuongeza mita mbili kuna hatari nyingine zaidi: zile mita mbili zitauzwa kabla lami haijakauka.

"Hakuna pesa." Hii ninaiheshimu kuliko zote, kwa sababu ni kweli. Kwa hiyo nitaje tu vitu ambavyo havihitaji mkopo wa kimataifa.

Kwanza, vituo vya taksi. Chora mstari mweupe, mita hamsini kabla au baada ya njia panda, si ndani yake. Abiria ashuke pale tu. Kwa magari yenye volani ya kuume, abiria asishuke mlango wa katikati ya barabara. Wa mbele akae mmoja, na atoke gari likiwa limeingia ndani ya kituo. Dereva atalalamika kwamba anapoteza nafasi moja. Ni kweli. Lakini akimaliza safari mbili zaidi kwa siku, atakuwa amepata au amepoteza? Shirika la madereva likae naye lipige hesabu, bila kupigiana kelele.

Pili, saa za malori. Kushusha saruji, bia na mbao kufanywe usiku au alfajiri. Rangi haihitajiki, fedha haihitajiki, inahitajika tu mtu asiyepokea kitu ili afumbe macho.

Tatu, faini isilipwe barabarani. Gari lenye kosa lichukuliwe namba, liachwe lipite, dereva alipe baadaye benki au kwa simu. Leo hata muuza ndagala anapokea pesa kwa simu. Itashindikana vipi kwa faini? Siku ile barabara itaacha kuwa ofisi.

Nne, na hapa ninasimama upande wa mama yangu mdogo: usimwondoe mtu kabla hujamwonyesha mahali. Masoko madogo ya kartiye, Panzi, Cimpunda, Bagira, yenye paa, maji na choo, kule watu wanakokaa. Wanunuzi wakinunua karibu na nyumbani, hata safari ya kuteremka mjini inapungua. Ni vile vile kwa ofisi. Kama mtu wa Bagira anaweza kupata karatasi zake Bagira, hatakuwa mbele yako kwenye foleni. Ambuteyaji nyingine inatokana na karatasi moja tu inayohitaji sahihi ya mtu anayekaa upande wa pili wa mji.

Na sisi tuliosoma? Kwenye mji huu kuko UOB, UCB, ISP, UEA na vyuo vingine. Kila mwaka mamia ya memware yanaandikwa, mengi juu ya vitu vilivyoko mbali nasi. Ni nani kati yetu aliyekaa wiki moja Essence na daftari, akahesabu: magari mangapi, pikipiki ngapi, watu wa miguu wangapi, saa gani, gari lilisimama kwa sababu gani? Tukienda mbele ya wakubwa tunaenda na hasira, na hasira haina meza ndani ya ofisi. Mkubwa anajibu "tutaangalia", tunarudi. Tungeenda na hesabu, angalau angelazimika kubishana na hesabu. Mafinalisti, chukueni mada hii. Mimi niko tayari kusimama na mtu yeyote pale asubuhi, kalamu mkononi. Vidole vyangu peke yake vimeshaonyesha havitoshi.

Siahidi kwamba haya yote yatafanya Bukavu iwe mji mwepesi. Vilima vitabaki vilima, na watu wataendelea kuja. Lakini kuna tofauti kati ya barabara ambayo ni ndogo na barabara ambayo imeibiwa, na sisi tunaitibu ya pili kama ya kwanza.

Jana nilipita nyumbani kwa yaya. Yule mtoto, Essence, alikuwa anacheza na magari ya plastiki sakafuni, ameyapanga mstari mrefu kutoka mlangoni mpaka chini ya meza. Nilimwuliza: "Hayo yanaenda wapi?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Hayaendi. Yanangoja."

Mtoto wa miaka mitatu. Tayari anaujua mji wake.